Misalaba Iliyogeuziwa Ukuta

Jeneza la Mama Viviane lilipita mbele ya karakana ya Eugène Jumanne mchana kweupe, juu ya gari la mizigo lililooshwa likatakata, na hakuna mtu katika mtaa ule wa Shituru ambaye hakutambua kwamba halikuwa kazi ya Eugène. Lilikuwa jeupe, limeng'arishwa kama kabati la vyombo, na vishikio vyake vya rangi ya dhahabu vilikuwa vinene kuliko vidole vya waliolibeba. Berthe, mkewe Eugène, alitoka langoni akiwa bado ameubana uzi kati ya meno. Yeye na Mama Viviane walikuwa wamechota maji kwenye bomba moja na kuimba katika kwaya moja tangu watoto wao wakiwa wadogo. Alijua upana wa mabega yake bila kumpima. Na kwa siri, kwa namna ambayo mtu hawezi kumwambia jirani aliye hai, alikuwa amekwisha kumchagulia kitambaa cha kutandika jeneza lake.

Eugène alivua kofia. Gari lilipopunguza mwendo ili kukwepa shimo, mwana mkubwa wa marehemu alichungulia dirishani, akawaona wamesimama, akakosa pa kuyaficha macho yake.

"Papa Eugène, mutusamehe. Shiye ba hapa tulisema tukuye kwenu. Lakini ndugu ba Lubumbashi njo balichagula. Baliona sanduku ya Rolly ku TikTok, bakasema ni ile tu."

"Haina neno, mwana yangu. Mama alale muzuri."

Gari likapita, vumbi jekundu likalifuata. Eugène akarudi ndani, akachukua randa, akaanza kulainisha ubao ambao alikuwa amekwisha kuulainisha asubuhi.

Majeneza mengine ya Rolly yalikuwa yamepita kabla ya hilo, lakini yalipita mitaa ya watu wengine. Rolly mwenyewe hakuwa seremala. Alikuwa na duka lenye kuta za vioo katikati ya mji wa Likasi, na bidhaa zake zilitoka Lubumbashi zikiwa tayari zimefungwa kwa nailoni. Alichokuwa nacho ni simu nzuri na ulimi mtamu, na siku hizi hivyo viwili vilikuwa vimetosha kuifanya meza ya kazi ya Eugène ikae tupu kutwa nzima.

Jioni walikula ugali wa bukari na vidagaa vya ndakala, na Laure akawa wa kwanza kunawa mikono. Laure alikuwa binti yao wa mwisho. Alikuwa amemaliza masomo ya biashara, na tangu amalize hakupata kazi nyingine ila kupaka vanishi majeneza ya baba yake.

"Papa, Rolly hatushindi ku kazi," alisema. "Anatushinda ku kuonekana. Ku Facebook tulichelewa. Sasa bantu bote beko ku TikTok. Tuingie na shiye."

"Kufanya nini?"

"Kuonyesha kazi. Ma video mafupi tu. Mukono ya mama inashona, weye unapitisha randa…"

"Laure, ile kintu niliiona mu simu ya jirani. Mwanamuke anacheza. Kisha mbuzi anacheza. Kisha pasteur anapiga kelele. Nyuma ya pasteur njo unataka kuweka sanduku ya maiti?"

"Mbuzi alikuwa anacheza muzuri?" Berthe aliuliza.

Laure alicheka. Eugène hakucheka.

"Mama Laure, usimusaidie. Kazi ya sanduku, muntu anakuya yeye mwenyewe, ndugu yake amemushika mukono. Unamupatia kiti. Unamupatia mayi. Unanyamaza. Kisha njo anasema urefu. Ile yote utaifanya namna gani mu simu?"

"Papa, kama hakuna mwenye anakuya, ile kiti tutamupatia nani?"

Laure hakusema hivyo kwa ujeuri, na kwa sababu hiyo maneno yake yaliuma zaidi. Eugène aliisukuma sahani.

"Kesho nitageuza byote ku ukuta," alisema. "Masanduku, misalaba, byote. Utapiga picha ya mugongo."

Kauli hiyo ilikuwa na uzito wake katika karakana ile. Katika familia za Likasi kifo hakitangazwi ovyo. Mke au mama aliye safarini huitwa nyumbani kwa maneno ya kumtuliza: mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo. Hufika, huketishwa mkekani, wanawake humzunguka pande zote, na hapo ndipo mzee wa familia humfungulia habari. Kwa hiyo mara nyingi seremala hujua kabla ya mjane. Na kwa kuwa rangi ya mafuta huchelewa kukauka, Eugène alikuwa akianza na msalaba: alipaka jina na miaka ya marehemu kabla hata ya kukata ubao wa kwanza wa jeneza. Familia ikimwambia kwamba habari bado imefungwa, aliugeuza msalaba huo jina lielekee ukutani. Hapakuhitajika maelezo. Berthe na Laure, wakiuona mgongo wa msalaba, walijua kuna jina ambalo halitamkwi barabarani.

Asubuhi iliyofuata misalaba yote ilikuwa imegeuzwa: iliyokuwa ikingoja wenyewe, ile ya mifano isiyo na jina lolote, hata mmoja uliovunjika mkono ambao ulikuwa ukingoja kuwa kuni.

Nyumba ilinyamaza. Eugène aliomba chumvi, aliomba nyundo, basi. Alhamisi Berthe alikwenda mjini kununua mbao nyembamba za triplex, kwa kuwa Eugène, aliyezoea kwenda mwenyewe, hakutaka tena kukutana na watu wa kumuuliza habari za kazi. Muuzaji aliuangalia mfuko wake, kisha akaangalia nyuma yake, walikosimama wanunuzi wa makampuni.

"Mama, weye unachukua moja moja. Ngojea kwanza bale ba kuchukua mingi."

Akangojea. Walipomalizika wale, wengine wakaingia, nao wakatangulia. Juu ya kaunta simu ya muuzaji ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la misumari, na ndani yake Rolly, amevaa suti, alikuwa akipapasa jeneza kama mtu anayeuza farasi.

"Kwenu hamuko mule?" muuzaji alimuuliza Berthe alipomfikia hatimaye.

"Hatuko."

"Ah, mama. Njo maana."

Hakufafanua, wala hakuhitaji. Berthe alirudi kwa miguu, mbao kichwani, na aliposhusha mzigo alimkuta Eugène akisafisha brashi. Msalaba mpya ulikuwa umesimamishwa kati ya ile mingine, nao umeelekea ukutani kama wenzake.

"Ni ya nani?"

"Kijana wa kuchimba, ku Kambove. Udongo ilimuangukia mu shimo. Bananunua sanduku ya kuzika Jumamosi."

Hakuongeza neno. Siku nyingine angeongeza: nani alikuja, kama alilia au hakulia, marehemu ameacha watoto wangapi, habari imefunguliwa au bado. Lakini tangu jioni ile maneno yake yalikuwa yamepungua mpaka yakabaki yale ya lazima. Na Berthe, ambaye nyayo zilikuwa zikimwaka moto na sauti ya yule muuzaji haijamtoka masikioni, hakutaka kumwomba mengine.

*

Ijumaa asubuhi jeneza lilikuwa karibu kumalizika. Eugène alikwenda mjini kutafuta vishikio, na Berthe alibaki akilishonea satini nyeupe ndani. Mto aliushona kwa mkono, kama alivyofanya siku zote, kwa kuwa mashine huacha mshono mgumu mahali kichwa kinapolala, jambo ambalo wafu hawalalamikii lakini yeye alilijali. Laure alisimama akimtazama.

"Mama, Rolly hana hata sanduku moja ya namna hii. Na hii, kesho, udongo njo itaiona."

Berthe alivuta uzi. Alimwona tena Mama Viviane akipita bila kusimama.

"Piga," alisema. "Lakini uso yangu, hapana."

Laure alipiga picha ya mikono ya mama yake, sindano ikizama na kuibuka, na mbao nyekundu ambazo mwanga wa mlangoni ulizifanya zionekane kama zina joto. Berthe, bila kujua, alikuwa akinong'ona wimbo wa kanisani. Kisha Laure akarudi nyuma hatua chache, akakunja uso.

"Bado kintu. Inaonekana kama sanduku ya nguo."

Berthe akainuka, akaenda ukutani, akashika msalaba mpya.

"Mama, ule unaangalia ukuta."

"Yote inaangalia ukuta, Laure. Ni hasira ya papa yako. Hata ule wa kuvunjika mukono umegeuzwa. Na ule nao, tumeficha kilio ya nani?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu Jumanne. Berthe akaugeuza msalaba, akauegemeza kwenye jeneza. Herufi nyeupe zilikuwa zimekauka vizuri. *Jimmy*, zilisomeka, na jina la ukoo, na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa, ambayo haikuachana sana. Laure alimaliza kupiga, akaongeza namba ya simu ya karakana, akafungua akaunti ya karakana TikTok, akaipandisha video.

Kabla ya saa sita simu ilianza kulia. Mtu wa mtaa wa Panda aliuliza kama wanapeleka hadi nyumbani. Mama mmoja wa Lubumbashi alilia kwenye simu kwa sababu ya ule wimbo. Laure alikuwa akikimbia kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kazi, akimwonyesha mama yake namba iliyokuwa ikipanda, na Berthe, ambaye hakuelewa namba ile inahesabu nini hasa, alielewa uso wa binti yake. Majirani walipita kumwita "mama wa TikTok". Eugène aliporudi na vishikio mkononi, alikuta watu langoni, na mmoja wao akampigia makofi.

"Kuna nini?" aliuliza.

Laure alimweleza haraka haraka, kama anayevuka barabara. Eugène alisikiliza. Berthe aliona uso wake ukisita kati ya mambo mawili, na hata baadaye aliamini kwamba, lau angeachiwa muda kidogo, mumewe angetabasamu. Lakini watu langoni walisogea pembeni, na mwanamume mrefu aliyevaa koti jeusi akaingia.

Eugène alimtambua. Ni Jean-Claude, kaka mkubwa wa Jimmy, aliyekuja jana yake kuagiza jeneza. Hakuamkia. Hakupaza sauti pia.

"Papa Eugène. Jana minye nilikuambia nini?"

"Uliniambia bibi yake, mama ya mutoto yake, eko ku Kolwezi, kwa mama yake. Atafika leo. Hamuyamwambia bado."

"Na weye ulinijibu nini?"

Eugène alitazama ukuta, akaona nafasi tupu kati ya misalaba.

"Nilikujibu: jina itaangalia ukuta."

"Basi iliangalia wapi?"

Jean-Claude akaketi kwenye ukingo wa meza ya kazi bila kukaribishwa.

"Gari yao ilisimama ku barrière, pale banakagua magari," alisema. "Kando ya Sylvie, bibi ya Jimmy, kulikuwa mama mumoja anaangalia simu. Sylvie naye akaangalia. Unajua alisema nini? Alimwambia ule mama: *ile muto ni muzuri.* Kisha akaona jina. Alishuka na mutoto ku mugongo, akatembea mu majani. Chauffeur wa gari alimungojea, Mungu amubariki. Na ule mama, hata hatumujue, njo alimushika mpaka hapa Likasi. Kwetu mashangazi balikuwa bametandika mukeka tangu asubuhi. Banangojea kumushika. Wa kumushika alikuwa muntu wa njia."

"Ni minye," Berthe alisema. "Ni minye njo niligeuza."

"Alifikiri ni hasira yangu," Eugène alisema. "Niligeuza yote juu ya hasira, hata ya mufano. Ningegeuza ile moja tu, angejua. Na jana sikumwambia, juu tulikuwa hatusemi."

Jean-Claude aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mambo ya nyumba yenu, minye sitaingia. Kesho mukuye ku kilio. Museme mbele ya bantu."

Eugène alipokwisha kufunga vishikio, wakamsaidia kulibeba jeneza. Simu ya karakana ililia tena, ikalia mpaka ikachoka.

*

Kilio cha msiba kilikuwa katika mtaa wa Kikula, chini ya turubai lililofungwa kati ya nyumba mbili. Mazishi yalikuwa yamekwisha na watu walikuwa wakila. Berthe na Laure walipowanyoshea wanawake mkono, wa kwanza aliupokea, wa pili akajifanya anafunga kitenge, na kuanzia wa tatu hawakuthubutu tena kuunyosha. Hakuna aliyewasogezea mahali pa kukaa. Kutoka upande wa wanaume Berthe alisikia sauti ya Eugène, ambaye kwa kawaida hasemi mbele ya watu, ikieleza habari ya misalaba tangu mwanzo, bila kumwacha mkewe nje wala kumsukumia mbele. Wazee hawakudai mbuzi wa fidia. Walisema kwamba wamesikia, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao, naye akabaki amesimama, hajui kama ameruhusiwa kuketi au kuondoka.

Sylvie alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, mtoto akinyonya. Alikuwa mdogo kuliko Laure. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

"Ni weye mama wa muto?"

Berthe akapiga magoti. Laure akapiga magoti kando yake.

"Ni minye, mwana yangu. Unisamehe."

"Uliishona na mashini?"

"Muto? Hapana. Na mukono."

Sylvie aliitikia kwa kichwa, kana kwamba jambo hilo lilihitaji kuwekwa sawa kabla ya mengine.

"Hawakuniachia kumuona. Banasema shimo ilimuharibu, haifai. Basi nilimuomba ule mama simu yake, nikaangalia ile video mu gari, tena na tena, mpaka batri ikaisha. Nilikuwa nasema: hapa njo kichwa yake inalala. Hapa njo mukono."

"Sylvie, nyamaza kwanza," shangazi mmoja alisema.

"Shangazi, juu ya nini ninyamaze? Mulinipigia simu mukasema Jimmy eko na homa. Nilimununulia dawa. Iko bado mu sakoshi yangu."

Wanawake waliinamisha vichwa. Berthe, ambaye alikuwa amejiandaa kutukanwa, hakuwa amejiandaa kwa hili. Alitamani mtu amkemee, ili ajue pa kuuweka uso wake.

"Siseme mulifanya muzuri," Sylvie aliendelea, akimtazama Laure sasa. "Nililia mbele ya bantu sijue, na mutoto analia, na mwingine ananipiga picha na minye. Siseme muzuri. Lakini nilipenda kuona ile muto. Sijue nifanye nini na ile mambo mawili."

"Tufanye nini, yaya?" Laure alinong'ona. Alimwita yaya, dada mkubwa, ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri.

"Muifute. Uliangalia chini yake, pa kuandika? Kuna mwenye anacheka. Kuna mwenye ameweka picha ya moyo nyekundu. Na mumoja ameandika: *ni bei gani?* Pa jina ya bwana yangu, Laure. Anauliza bei." Akamhamisha mtoto titi. "Huyu atakuwa mukubwa. Atajua kusoma."

Laure alitoa simu ya karakana. Ile namba ya waliotazama ilikuwa imekwisha kuwa kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuiota kwa ajili ya karakana ya baba yake. Alipofungua video, simu ikaanza kutetemeka: mtu asiyemjua alikuwa akipiga. Alimkata. Simu ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta, na kidole chake kikabaki hewani. Si kwamba alikataa. Ni kwamba ilikuwa kazi nzuri, na ya kwanza kuonekana, na mikono iliyokuwa mle ilikuwa ya mama yake.

Berthe akaichukua simu kutoka kwake, akabonyeza pa kufuta.

Shangazi yule aliyekuwa amesema nyamaza alisogeza miguu yake, pakapatikana nafasi kidogo kwenye mkeka. Hakuwakaribisha kwa maneno. Walikaa mpaka jua likapungua makali, kisha wakainuka wakaenda kuosha masufuria pamoja na wengine.

*

Wiki iliyofuata baadhi ya wale waliopiga simu walikuja. Yule mtu wa Panda alikuja na shemeji yake, akaomba jeneza la mama yake liwe kama lile aliloliona.

"Ile ilikuwa ya mwenyewe," Eugène alimjibu. "Ya mama yako nitaifanya ya kwake. Alikuwa mulefu?"

Walitengeneza hilo, na lingine baada yake. Berthe alinunua mafuta ya kupikia chupa nzima badala ya kupimiwa kwenye kikopo, akapika sombe ya majani ya muhogo yenye karanga za kutosha, wakala. Na katika kila tonge alishindwa kuamua kama anapaswa kushukuru kwa chakula kile au kuomba radhi kwa ajili yake. Eugène naye alikuwa amerudia kusema. Aliporudi kutoka kwa mteja alieleza yote, mengine hata yasiyohitajika, na Berthe alimwacha aeleze.

Siku moja, wakiwa wote watatu karakanani, Laure aliweka chini brashi ya vanishi.

"Tuseme ile mambo mpaka mwisho," alisema. "Video hakuna tena. Lakini bantu beko bado. Hawakuondoka. Rolly mwenyewe hana bengi vile. Kila siku bananiandikia: *ingine lini?* Naweza kuonyesha mbao tu, bila jina. Naweza kuonyesha randa tu. Papa, sitaki kugombana. Niko nauliza."

Eugène alipuliza unga wa mbao kwenye ubao. Alikuwa amejifunza, au alikuwa akijaribu kujifunza, kutojibu haraka.

"Bale bantu," alisema, "banangojea nini?"

Laure alikuwa na jibu. Alilipata chuoni, na lilikuwa jibu zuri kwa biashara yoyote nyingine. Alifungua mdomo, kisha akaona kwamba hapa halitatosha.

"Banangojea sanduku ingine, papa."

Hakuna aliyeuliza sanduku la nani. Eugène alimgeukia mkewe, na safari hii hakuwa na uamuzi tayari mdomoni.

"Mama Laure, weye unasema nini?"

Berthe alifikiri juu ya muuzaji wa triplex na kaunta yake. Alifikiri kwamba gari lenye jeneza la Rolly litapita tena mtaani kwao, na pengine litakuwa limembeba mtu wa karibu zaidi kuliko Mama Viviane. Alijua binti yake ana haki katika karibu kila alichosema. Mbao bila jina, randa bila jina: nani angeumizwa na hilo? Alitafuta mtu wa kuumizwa na hakumpata. Lakini kila alipojaribu kusema ndiyo, alimwona mwanamke kijana ndani ya gari, mtoto mgongoni, akisifu mto mzuri kwa jirani asiyemjua.

"Bangojee," alisema.

"Mpaka lini, mama?"

"Funga, Laure. Juu yangu. Kama ni makosa, itakuwa ya kwangu."

Laure hakubisha. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akaifunga ile akaunti kwa utaratibu, akijibu kila swali ambalo simu ilimuuliza, kisha akafuta machozi kwa mgongo wa mkono wenye vanishi na kujichafua shavu. Eugène akamletea kitambaa.

Kesho yake hakuna mteja aliyekuja. Keshokutwa pia hakuna. Siku ya tatu Berthe aliketi langoni na kikapu cha maharagwe ya kuchambua, akitazama barabara yote hadi mahali inapopinda kuelekea kiwandani. Hakuweza kujua kama ni kwa sababu katika Likasi nzima hakuna aliyekufa, au ni kwa sababu waliofiwa walikwenda kwa Rolly. Maharagwe ya chakula cha jioni hayakufunika hata kitako cha kikapu. Akajikuta akiomba, midomo ikitikisika bila sauti, kwamba iwe ni ile sababu ya kwanza.